Crown, Mpanda na Siri ya Mume Wangu

Nianze kwa kukiri, mpenzi msomaji: mimi si mtu wa magari. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya uhariri, habari za magari wanaandika wanaume, mimi kazi yangu ni kuwarekebishia nukta na mikato. Gari kwangu ni kitu cha kunitoa Tabata, kunifikisha kazini na kunirudisha kabla mtoto hajalala. Basi. Ila hivi karibuni niliendesha gari moja kwa siku mbili kule Mpanda, na mpaka leo nikifumba macho naisikia injini yake. Gari hilo hilo nusura livunje nyumba yangu. Ngoja nikusimulie.

Mume wangu ni mhandisi. Huu ni mwaka wa pili yuko Mpanda kikazi, mimi na mtoto tuko Dar. Wenye ndoa za namna hii mnazijua wenyewe: simu ya asubuhi, simu ya usiku, "umekula?", "mtoto amelala?", "mtandao unakata, nitakupigia". Tuna kiwanja Kibaha, nyumba imefika kwenye lenta, na tangu mwaka juzi tunakusanya pesa za kupaua. Akaunti iko kwa jina lake. Mimi natuma fungu langu, yeye anaongeza lake, mwisho wa mwezi ananiambia tumefika wapi. Hatukuandikishana popote. Mke na mume waandikishane nini?

Basi nikachukua likizo fupi, mtoto nikamwacha kwa bibi yake, nikapanda basi. Nililala Tabora, kesho yake alasiri nikaingia Mpanda nikiwa na vumbi la safari na kiu ya mume. Nilitegemea anipokee na pikapu ya kazini. Weee! Pale standi limesimama gari la bluu iliyokolea, linang'aa, namba E, pua imekatwa kama radi, na vijana wa bodaboda wamelizunguka kama wanaangalia bibi harusi akishuka. Mlango ukafunguka, akatoka baba mwenye nyumba wangu, miwani ya jua usoni.

"Karibu Mpanda, mama."

"Ahsante baba. La nani hili?"

"La jamaa yangu wa kazini, kasafiri. Panda kwanza, jua kali."

Wanawake wenzangu mnajua. Mume akikwambia "panda kwanza", ujue jibu lipo ila bado liko jikoni. Nikapanda.

TAJI LENYEWE

Kwa wasiolijua, hili ndilo Toyota Crown Athlete. Crown maana yake taji, na Wajapani wamelitengeneza tangu mwaka 1955. Kwa miaka mingi lilikuwa gari la mabosi, la polisi na la teksi za heshima huko kwao. Athlete ni yule mtoto wa familia mwenye kupenda michezo: umbo la mzee, damu ya kijana.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Toyota walilichora upya. Hapo ndipo ilipokuja hiyo pua ya radi inayoshuka mpaka kwenye bampa, mpaka wengine wakashtuka, maana walizoea Crown yenye adabu za mtu wa makamo. Wenyewe wala hawakujali. Mwaka 2013 wakauza hata toleo la rangi ya waridi! Japani walishalibadilisha tena mwaka 2018, na mwaka 2022 jina la Crown likagawanywa kwenye maumbo manne tofauti, mengine yamenyanyuka kama magari ya safari. Lakini kwetu sisi tunaopokea magari bandarini Dar yakiwa yameshatumika, hili la pua ya radi ndilo "jipya". Kijana akipata ajira ya maana, ndoto ya kwanza ni kiwanja, ya pili Crown. Wengine, kama utakavyoona, wanazipanga kinyume.

Injini ya hilo nililoendesha ni V6 ya lita 2.5, nguvu za farasi 203, gia sita za automatiki, na zinazosukuma ni tairi za nyuma. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba siti ilinipokea mgongo kama mama mkwe anayekupenda, na kwamba mume wangu alikuwa anaongea sana. Mtu wangu huyo si muongeaji.

KRRRR!

Jumamosi asubuhi akanipa funguo. "Leo endesha wewe." Nikaona hii sasa ni rushwa, lakini nani anakataa?

Unabonyeza kitufe, na kabla injini haijakwambia kitu, anaongea mwanamke. Kwa Kijapani. Sauti laini, maneno machache, halafu ananyamaza.

"Nani huyo?"

"Wa kwenye gari. Anasema karibu ndani."

"Kila siku?"

"Kila ukiwasha."

Sawa. Na dashibodi nzima ni maandishi yake huyo mwanamke. Kiyoyozi unakiongoza kwa kugusa kioo kama simu, lakini kila ukigusa ni bahati nasibu: mara baridi ya Njombe, mara upepo wa miguuni. Niliacha.

Mpanda imebadilika, jamani. Huu ni mji uliofikiwa na reli enzi za Mwingereza kwa sababu ya madini ya risasi, na kwa miaka mingi mtu akikwambia anakwenda Mpanda ulikuwa unampa pole. Tangu mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao makuu, mitaa imepata lami, majengo yameota. Nilizunguka Makanyagio, nikashuka Kashaulili, nikakatiza kwenye bajaji, akina mama wa vitunguu na vijana wa Kisukuma na baiskeli zao. Gari ni refu, karibu mita tano, na kwenye mtaa mwembamba unajiona unaendesha meza ya mkutano. Usukani lakini ni mwepesi, unaugeuza kwa vidole viwili. Mguu kwenye mafuta unatakiwa uwe wa adabu, maana ukigusa kidogo tu, linaitika. Halingurumi, linaitika kama mtu aliyelelewa vizuri.

Tatizo ni tumbo. Crown imekaa chini, na rimu zake kubwa zimevaa tairi nyembamba. Barabara za Tokyo hazina matuta ya Mpanda. Nilifika kwenye tuta moja nikiwa na furaha zangu, nikasikia chini: krrrrr!

Nikamgeukia mume wangu nimwombe radhi. Alikuwa ameshika kifua. Macho ameyafumba, uso umekunjamana kama kachomwa sindano ya jino. Nikajisemea moyoni: mtu haumii namna hii kwa gari la kuazima.

UKIMYA WA SPIDI MIA

Tukashika barabara ya Sitalike. Ni kama kilomita 36 kutoka mjini, lami, na mbele ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanauza mashamba wanunue haya magari.

Mbele yetu kulikuwa na fuso limebeba mpunga. Kwenye kigari chetu cha Dar, IST, kulipita fuso ni mradi wenye awamu: unapiga hesabu, unasali, unakanyaga, unasubiri. Hapa nilikanyaga tu. Gari halikuruka. Lilijikusanya nyuma kama paka, gia ikashuka yenyewe, nikahisi nasukumwa mgongoni na mkono mmoja mpana, na fuso likawa liko kwenye kioo cha nyuma. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Kwenye kona halilali upande, linafuata macho yako. Breki zinashika kwa upole, hazikurushi. Nilikuwa nimesahau kwamba kuendesha kunaweza kuwa raha. Mimi na foleni zangu za Mandela, raha ningeijulia wapi?

Kisha nikakigundua kile kitu ambacho hakuna mwanaume aliyewahi kukiandika kwenye makala nilizokuwa nawarekebishia. Ukimya.

Mle ndani ni kimya, nakwambia. Vioo vikipanda, dunia inabaki nje. Radio ndiyo hivyo tena, ya Kijapani, masafa yake yanaishia 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Hakuna Bongo Fleva, hakuna taarifa ya habari, hakuna mtangazaji anayecheka peke yake. IST yetu ikifika spidi 80 inapiga kelele vioo, milango, mpaka kile kikapu cha mtoto nyuma. Tunaongea kwa kupayuka, na katika kupayuka huko mambo mengi yanapita bila kusikika. Unaweza ukakaa kwenye kelele na mtu miaka sita ukadhani mnazungumza.

Hapa spidi mia, na namsikia mume wangu anavyomeza mate.

Nikahesabu nguzo za umeme. Nikasubiri aseme kitu. Naye nadhani alikuwa anasubiri mimi. Tulifika Sitalike hivyo hivyo, watu wazima wawili tumenyamaza ndani ya gari zuri kuliko yote tuliyowahi kupanda.

MTO KATUMA

Sitalike ni kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi, na Mto Katuma unapita hapo hapo. Kama hujafika, fika. Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na watalii ni wachache mpaka unajihisi umeikodi. Kiangazi maji ya mto yanapopungua, viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, mgongo kwa mgongo, kama abiria wa mwendokasi. Wanagombana, wanajambiana, hawana pa kwenda. Tukaegesha mahali tunapowaona.

Wenyeji wanasema jina la Katavi limetokana na Katabi, mzimu ambao Wabende wanaamini unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Wawindaji walikuwa wakienda kuomba baraka wanaacha sadaka pale chini ya mti. Mume wangu ndiye alikuwa ananisimulia hayo, haraka haraka, kama mwongoza watalii anayetafuta bakshishi. Nikamkatiza.

"Baba, hili gari la nani?"

"Si nimekwambia la..."

"Tuta la leo asubuhi ulishika kifua."

Akateremsha kioo apate hewa. Kosa kubwa! Katavi ina ndorobo, na ndorobo wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wanapenda pia kufuata kitu kikubwa kinachotembea. Sisi tulikuwa tumewaletea vyote kwa mpigo: gari la bluu limetoka mbio. Waliingia watatu. Ndorobo haumi kama mbu, ndorobo anachoma hata juu ya nguo. Kwa hiyo maneno mazito kuliko yote ya ndoa yangu niliyasikia huku nampiga mume wangu makofi ya bega, na yeye ananipiga ya paja.

"Langu," alisema.

Paa!

"Pesa umetoa wapi?"

"Ya bati."

"Yote?"

"Yote. Na nyingine nimekopa."

Milioni 19, msomaji. Mle ndani mlikuwa na vikao vya harusi nilivyokataa kuchangia, mlikuwa na suti ya sikukuu ambayo mtoto hakununuliwa, mlikuwa na nauli za likizo ambazo sikuja kumuona mwenyewe ili tuweke akiba. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga, nilikuwa nimeshapiga tayari ila kwa sababu nyingine. Nikamwuliza swali moja tu: kwa nini?

Alichukua muda. Kwenye IST angeweza kukwepa. Pale hakuwa na pa kukwepea, dirisha tumeshafunga.

"Kila mwezi natuma pesa kwenye nyumba nisiyolala," alisema. "Mtoto ananijua kwa simu. Jioni narudi chumba cha kupanga, naangalia ukuta. Nilitaka kitu kimoja tu kilicho karibu nami, nikishike kwa mkono." Akanyamaza, kisha akaongeza polepole, "Nilikuomba uje ukae huku hata miezi mitatu. Ukaniambia ofisi imekataa."

Hapo nikashika usukani ingawa gari limezimwa. Kwa sababu ofisi haikukataa. Ofisi sikuiuliza.

MPAKA KOGA

Usiku ule tulikula migebuka wa Ziwa Tanganyika na ugali, tukalala kila mtu na ukuta wake. Sitakudanganya kwamba nilitafakari kwa hekima. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Jumapili akanisindikiza Tabora nikapande basi la Dar. Ni zaidi ya kilomita 350, lami yote, barabara iliyozinduliwa mwaka 2022 kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wazee wa Mpanda wanakumbuka enzi ambazo mvua zikizidi, maji ya Mto Koga yanafunga njia na watu wanalala porini. Sasa unapita huku unakunywa soda.

Aliendesha yeye mpaka Inyonga. Pale tukanunua asali, mimi nikachukua usukani. Kutoka hapo ni miombo mtindo mmoja, barabara imenyooka kama rula. Kuna kitufe cha spoti. Nilikibonyeza, injini ikabadilisha sauti, ikawa na kifua kidogo. Spidi nilifika mia na ishirini, zaidi ya hapo sisemi, trafiki nao wanasoma gazeti hili. Gari lilitulia chini kama limegundishwa. Jasho halitoki, mikono haitetemeki, kahawa kwenye kishikio haimwagiki. Ni gari linalokufanya ujione una uwezo wa kusema lolote na lisiharibike kitu.

Tulipolikaribia daraja la Koga nikasema.

"Ofisi haikukataa."

Akanigeukia.

"Sikuomba. Niliogopa nikitoka miezi mitatu, kiti changu atakikalia mwingine. Niliogopa nikifika huku nitakuwa mke wa mhandisi tu. Nikaona rahisi kusema wamekataa."

Daraja likapita. Katavi ikabaki nyuma, tukaingia mkoa wa Tabora. Hakusema kitu. Ningempa milioni nyingine 19 wakati ule ili radio ishike stesheni yoyote, hata ya mahubiri. Kilomita baada ya kilomita, miti, mizinga ya nyuki juu ya miti, ng'ombe, miti. Tulipofika Ipole ndipo akafungua mdomo.

"Kwa hiyo tuko sawa?"

"Hatuko sawa. Mimi sijachukua bati la mtu."

"Ulichukua miaka miwili."

Nikapunguza mwendo, nikaegesha pembeni. Nililia pale, sikuona haya. Naye akalia kidogo, kile kilio cha wanaume cha kukohoa kohoa. Lori likapita likatupigia honi, nadhani dereva alidhani tumeharibikiwa. Tulikuwa tumeharibikiwa kweli, ila siyo gari.

HESABU

Tabora tulikaa kwenye mgahawa karibu na stendi, tukaomba karatasi, tukapiga hesabu kama watu wanaofunga biashara. Wazo la kwanza langu lilikuwa gari liuzwe kesho. Lakini ukinunua gari la kutoka Japani, nusu ya maumivu ni kodi, na ukiliuza haraka hakuna anayekurudishia kodi yako. Hili lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo lililipiwa pia na ushuru wa ziada wa uchakavu. Kuuza kwa pupa kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Tulichokubaliana ni hiki. IST ya Dar inauzwa, pesa inarudi kwenye bati. Mkopo analipa mwenyewe kutoka kwenye posho zake, mimi sigusi. Akaunti ya nyumba inahamishwa, itahitaji saini mbili. Na mimi naenda kuomba ofisini. Kuomba kweli kweli, kwa barua.

Niliomba. Bosi alinisikiliza, akauliza Mpanda kuna intaneti, nikamwambia ipo. Akanipa siku kumi kila mwezi kwa majaribio ya miezi sita. Miaka miwili nimemdanganya mume wangu, kumbe jibu lenyewe lilihitaji dakika kumi na tano.

Sijamaliza kusamehe, na sidhani kama yeye amemaliza. Kuna siku naliangalia lile gari limeegeshwa, naona mabati 100 yamepakwa rangi ya bluu. Kuna siku naomba funguo mwenyewe. Nyumba ya Kibaha bado iko kwenye lenta, na msimu huu wa mvua itanyeshewa tena.

KAMA UNALIFIKIRIA

Kwa wale mliosoma mpaka hapa mkisubiri ushauri wa gari, huu hapa, kutoka kwa mtu asiyejua magari.

Crown Athlete ya pua ya radi ni gari la barabara ndefu ya lami. Ukiwa nayo kati ya Mpanda na Tabora, utamsifu aliyeichora. Ukiwa nayo mtaani kwenye matuta na makorongo, utajuta kila mita mia. Kabla ya kununua, ingia uvunguni na tochi, uangalie waliotangulia walikwaruza wapi. Tairi zake nyembamba si za kukuta kila duka, hasa mikoani, kwa hiyo hakikisha unaanza safari na ya akiba yenye upepo. Mafuta, kwa safari yetu ndefu ya mwendo wa kistaarabu, tulipata kama kilomita 10 kwa lita moja. Mjini sahau. Piga hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kupenda picha. Kiongeza masafa cha radio ni cha bei ndogo, fundi yeyote anakufungia. Sisi hatujafunga bado.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Usilinunue bila mwenzako kujua. Sisemi usinunue. Sema kwanza, mgombane, anune wiki mbili, kisha mlipande wote mkijua ni la nani.

Maneno haya nayaandika nikiwa Mpanda, siku ya nne kati ya zile kumi. Jana nilimpigia rafiki yangu aliyesoma Japani, nikamwekea simu karibu na dashibodi, nikawasha gari. Akacheka sana. Yule mwanamke hasemi karibu ndani. Anasema kadi ya kulipia barabara za huko kwao haijawekwa. Tangu gari lishuke melini anadai kadi, asubuhi na jioni, na hakuna aliyemwelewa.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui anasema nini?" nilimwuliza mume wangu.

"Sikuwahi kuuliza."

Asubuhi ya leo tulipanda wote, ananipeleka sokoni kabla ya kazi. Akabonyeza kitufe. Yule dada akasema maneno yake kwa adabu, na sisi tukamjibu kwa pamoja, kwa sauti:

"Hatuna!"